Ekuteri mpya: sikio la kushoto ngoma, sikio la kuume redio. Shida ni ya muuzishaji ao ni yangu?

Dada_Katindo (Goma)

Wapendwa, salamu toka Katindo. Niko na shida ndogo lakini inanila kichwa. Juma lililopita niliuza ekuteri pale Birere, zile za waya zinazoingia ndani ya sikio, dola 12. Muuzishaji alizijaribu kwa simu yake mbele yangu, nikasikia muziki, nikalipa, nikaenda. Kufika nyumbani nikatulia, nikasikiliza vizuri. Upande wa kushoto sauti imejaa, besi inapiga mpaka kwenye meno. Upande wa kuume ni kama redio ya mlinzi iliyofunikwa na sufuria. Maneno yako, lakini sauti haina tumbo.

Siyo muziki tu unaonisumbua. Kazi yangu ni kuandika mahojiano. Watu wanarekodi huko Masisi, Minova na kwingine, wananitumia, mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno, kisha natafsiri kwa Kifaransa. Saa sita kwa siku, siku tano za juma, majuma mengine siku sita. Na jirani ana grupe anayoiwasha kila umeme ukienda, nao umeme wa hapa munaujua wenyewe. Basi napandisha sauti. Jioni sikio la kuume linauma pale mbele, kwenye kile kinyama kidogo, na ndani linawasha.

Jana, kwa jina la kijiji, niliandika "Shasha" pahali mkubwa wangu wa kazi anasema ni "Sake". Akaniuliza kama naandika nikiwa nimelala. Nilisikia aibu.

Nizirudishe? Ukutani pale dukani imeandikwa: mali iliyotoka hairudi.

Juma_wa_Ilala (Dar)

Pole dada. Ila sijaelewa. Uliziuza, halafu wewe ndiye unayelalamika hazina besi? Si alalamike aliyenunua?

Mtoto_wa_Birere (Goma)

😂😂 Ndugu wa Dar, huku kwetu kuuza ni kutoa pesa. Kutoa mali ni kuuzisha. Panda juu usome upya.

Juma_wa_Ilala (Dar)

Nimepanda, nimesoma, nimeshuka kimya kimya. Endeleeni.

FundiKadutu (Bukavu)

Dada, kabla ya kwenda kugombana na mtu, fanya jambo moja lisilo na gharama. Ile iliyoandikwa R iingize sikio la kushoto, ile ya L iingize sikio la kuume. Zitakaa vibaya, haidhuru, zishikilie kwa vidole. Cheza wimbo uleule, pahali palepale. Kisha utuambie: ubovu umefuata ekuteri ao umebaki kwa sikio?

Ukifuata ekuteri, ni waya ao ni kile kiutando cha ndani, nitakueleza. Ukibaki kwa sikio, muuzishaji hana kosa.

Na zilishawahi kufunguliwa ao kuchomewa na mtu? Nauliza kwa sababu fundi akigeuza nyaya mbili za upande mmoja, utando wa kuume unavuta wakati wa kushoto unasukuma. Hapo kila upande ukisikiliza peke yake uko sawa, lakini ukivaa zote mbili kichwa kinakuwa kama kinavutwa na watu wawili na besi haina pa kukaa.

BesiKwanza (Lubumbashi)

Dola 12 halafu munatafuta besi. Weka makuta, mama. Miye natumia za dola 80, hakuna hadithi.

Dada_Katindo (Goma)

Fundi, aksanti. Hazijawahi kufunguliwa. Nimefanya ulivyosema, nimerudia mara tatu ili nisijidanganye. Ubovu UMEBAKI KWA SIKIO. Ile ya L nzuri sana, nikiiweka kuume, inakuwa redio. Ile ya R niliyoitukana juma zima, kushoto inapiga ngoma.

Sasa mimi ni kiziwi wa upande mmoja? Niko na miaka 34.

Muuguzi_Himbi (Goma)

Mama, wewe si kiziwi, tulia. Mtu anayepoteza usikivu kwa kelele kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Wewe za juu unazisikia, kilichokimbia ni besi. Hiyo ni alama ya hewa inayovuja.

Nikuonyeshe kwa kifaa cha kazi yangu. Chukua bomba la sindano, toa sindano yenyewe, ziba tundu kwa kidole, sukuma. Unasikia hewa inavyokusukuma nawe? Sasa legeza kidole kidogo, hata usione nafasi, sukuma tena. Bomba linaingia bure. Ekuteri ya ndani ya sikio inafanya kazi hiyohiyo. Utando wake ni mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hauna nguvu ya kusukuma hewa ya chumba. Nguvu yake inatosha ile hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na kiwambo cha sikio lako. Ikifungwa vizuri, besi inafika. Ukipatikana ufa, besi inakuwa ya kwanza kutoroka.

Na njia ya sikio si bomba lililonyooka. Kwa mtu mzima ina kama sentimita mbili na nusu, inapinda katikati, na ya kuume si lazima ilingane na ya kushoto. Ni kama miguu: kuna watu kiatu kimoja kinawabana na kingine kinavuka, na namba ni moja.

Ulipewa raba ngapi ndani ya boksi, zile kofia laini za kuvalisha ncha ya ekuteri?

Dada_Katindo (Goma)

Jamani. Raba. Zilikuwa kwenye kimfuko, jozi mbili zaidi, ndogo na kubwa. Nikampa mtoto achezee.

Mtoto_wa_Birere (Goma)

Tafuta chini ya kitanda. Vitu vyote vya Goma vilivyopotea viko chini ya kitanda cha mtu.

MikroYaKanisa (Goma)

Nimesoma toka juu, muuguzi amesema kweli tupu. Naongeza ya kwetu sisi wa mikro na mikseri.

BesiKwanza, kaka, bei haizibi tundu. Kampuni ya Apple ilipotoa AirPods Pro mwaka 2019, kwa dola 249 kule Marekani, ndani ya simu yao waliweka jaribio la kuangalia kama raba imeziba sikio: inacheza muziki kidogo, mikro ya ndani inasikiliza, inakuambia ubadilishe raba ao hapana. Kama kwa dola 249 bado wanakuuliza habari ya raba, wewe wa dola 80 unajivunia nini?

Namna ya kuvaa nayo ina adabu yake. Watu wengi wanasukuma tu kama wanaziba chupa. Ukitaka kuvaa ya kuume, peleka mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, shika sikio la kuume kwa juu, livute juu na nyuma. Hiyo inanyoosha kile kipindo alichosema muuguzi. Hapo ndipo uingize kwa mkono wa kuume, ukizungusha kidogo, kisha achia sikio. Utasikia dunia imefunga mlango. Usiposikia mlango, bado.

Waya nao, usiuache uning'inie mbele. Upitishe juu ya sikio, ushuke nyuma. Kwanza hauivuti ekuteri nje kila ukigeuza kichwa, pili zile kelele za waya kukwaruza nguo, ku-ku-ku, zinapungua sana. Kama ekuteri ni nyoofu kama risasi, hilo linawezekana. Kama ina kimkono kilichopinda chini, itakusumbua.

Kupima, chukua rumba unayoijua kwa moyo. Sisemi hivyo kwa sababu UNESCO waliiandika kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu 2021, nasema kwa sababu ina kila kitu. Uzi wa chini kabisa wa gita la besi unapiga Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, huko ndiko ufa unajulikana. Juu yake sikiliza magita: solo, mi-solo, na la mdundo. Kama unaweza kuonyesha kwa kidole mi-solo iko upande gani, umeziba vizuri. Kama magita yote yamekuwa sahani moja ya sombe, toa uvae upya.

BesiKwanza (Lubumbashi)

Sawa, papa mikro. Lakini hata kodeki, ile namna bluetooth inavyobana sauti, ina maana. Mwenye LDAC hawezi kulingana na mwenye SBC.

MikroYaKanisa (Goma)

Wimbo wenyewe umeupata kwa WhatsApp, umepita simu kumi. Kodeki itarudisha kilichokwisha kukatwa? Na dada anatumia waya! Kodeki tuiache Lubumbashi kwanza.

BesiKwanza (Lubumbashi)

Umenipiga chini ya mkanda.

Motari_Ndosho (Goma)

Miye niko motari, nilikuwa na za bluetooth, nyeusi, nzuri sana, nilikuwa naweka moja tu chini ya kaske juu ya kusikia wateja wakipiga. Siku moja toka Ndosho kuja mjini, pikipiki ikaruka kwa jiwe, kaske ikasukuma, ya kuume ikatoka. Ekuteri nyeusi juu ya mawe ya volkano. Nyeusi juu ya nyeusi. Nilipiga magoti pale barabarani kama mtu anayeungama, mteja akanilipa nusu akaenda na mwenzangu. Mpaka leo.

Muuguzi_Himbi (Goma)

Pole, mwanangu. Lakini hata hiyo moja usiirudishe ukiwa unaendesha. Sikio la motari ni kioo chake cha nyuma. Tunawapokea sana.

Motari_Ndosho (Goma)

Ndiyo mama.

Dada_Katindo (Goma)

Nimepata raba kubwa MOJA chini ya kitanda, na senti za mwaka gani sijui. Nyingine haikuonekana. Moja inatosha, si ndiyo? Nimeiosha na sabuni, nikaikausha, nikaivalisha ile ya kuume. Kushoto nimeacha ya kati. Nikavuta sikio kama alivyosema papa wa kanisa.

Nilikaribia kulia. Kichwa changu kina pande mbili sasa. Kuna wimbo nimesikiliza toka niko sekondari, leo ndiyo nimejua kuna mtu anapiga chupa mule ndani.

Lakini baada ya dakika kama arobaini mambo mawili. Linaanza kuuma tena, siyo pale mbele, ni ndani. Na nikiwa kwa kazi, besi inakuja inaenda, inakuja inaenda, upande uleule wa kuume. Nikiwa kwa muziki haiendi. Kwa kazi peke. Munaelewa?

FundiKadutu (Bukavu)

Kwa kazi unatumia simu ileile ao kompyuta? Soketi ya kompyuta ikiwa imelegea unaweza kupata hayo. Nikupe mfano, wengi wanakuja na huu ugonjwa Kadutu wakidhani simu imelogwa: muziki unacheza, mwimbaji hayupo. Magita yako, mwangwi uko, mwimbaji amekufa.

Sababu yake ni hii. Kichwa cha waya chenye mikro kina sehemu nne. Ncha ni kushoto, pete ya kwanza ni kuume, pete ya pili ni masi, shina ni mikro. Hiyo ndiyo ya simu nyingi za siku hizi. Masi ikikosa kugusa vizuri, umeme hauna njia ya kurudi, unapita toka ekuteri moja kwenda nyingine. Hapo unasikia tofauti tu kati ya kushoto na kuume. Mwimbaji karibu kila mara wanamweka katikati, sawasawa pande zote mbili. Tofauti yake ni sifuri. Anatoweka!

Dawa yake mara nyingi haina hata fundi. Toa kava ya simu, labda inazuia kichwa kisiingie mpaka mwisho. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mti, siyo pini, utoe manyoya ya mfuko yaliyoshindiliwa ndani ya tundu. Nilishatoa kwa simu moja uchafu wa kujaza kijiko cha chai. Ikishindikana, waya umekatika karibu na kichwa, sentimita mbili tatu pale, kwa sababu watu wanachomoa kwa kuvuta waya. Hapo sasa ndipo mkate wangu.

Dada_Katindo (Goma)

Fundi, ni simu ileile, na mwimbaji yupo mzima. Kinachokuja na kwenda ni besi na ile hali ya kufungiwa mlango. Grupe ya jirani inaingia na kutoka kama mgeni.

MikroYaKanisa (Goma)

Dada, nikuulize kitu. Ukiwa unaandika, mdomo wako unafanya nini?

Dada_Katindo (Goma)

Mdomo? Nakunywa chai. Narudia maneno.

Ooh. Narudia maneno kila sentensi, kwa sauti ndogo, ndiyo naandika.

MikroYaKanisa (Goma)

Ndiyo hiyo. Weka kidole kidogo ndani ya sikio, polepole, kisha fungua na kufunga kinywa. Unasikia ukuta wa mbele unavyotembea? Kiungo cha taya kiko mlango wa pili. Kila neno unalorudia linabadilisha umbo la njia ya sikio, raba inaachia upande mmoja, hewa inatoka. Waimbaji wangu wa kwaya wanaovaa ekuteri za jukwaani wana shida hiyohiyo: wakati wa mazoezi wanasema ziko nzuri, siku ya ibada, wakifungua vinywa mpaka mwisho, wanasema besi imekwenda. Kwa hiyo mimi kwao napimisha wakiwa wameachama.

Halafu nakisia sauti yako mwenyewe unaisikia kama uko ndani ya pipa?

Dada_Katindo (Goma)

Kama nimemeza ngoma! Na chai nikiimeza ni mvua ya masika.

MikroYaKanisa (Goma)

Ni kawaida. Sauti yako inapita pia kwa mifupa, na siku zote sehemu yake inatoka nje kupitia tundu la sikio. Ukiziba tundu, inabaki ndani. Ukiingiza ekuteri ndani zaidi inapungua, lakini na raba za kawaida usilazimishe.

Wewe unahitaji sponji. Zinauzishwa pekee, zinavalishwa pahali pa raba. Unaiviringa kati ya vidole mpaka inakuwa kama njiti, unaingiza haraka, unaishikilia nusu dakika, inavimba yenyewe na kufuata umbo la tundu. Ukisema, inakufuata. Na haisukumi ukuta kama raba kubwa, ndiyo maana haiumi sana. Ubaya wake: inakunywa jasho, haioshwi vizuri, baada ya miezi michache inakuwa ngumu. Na inapunguza kidogo ukali wa sauti za juu.

Kamalondo_Bilashaka (Lubumbashi)

Sponji mie nililetewa toka Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Zinakamata! Lakini huku kwetu kiangazi, hili vumbi jekundu, juma mbili zimekuwa rangi ya tofali. Nilirudi kwa raba.

Mtoto_wa_Birere (Goma)

Birere ukiuliza sponji za ekuteri watakupa sponji ya kuoshea sahani. Nilishajaribu.

Juma_wa_Ilala (Dar)

Swali la mpita njia. Kwa nini asitafute zile zinazokata kelele zenyewe, amalizane na jenereta ya jirani?

FundiKadutu (Bukavu)

Ndugu Juma, wazo si baya. Grupe ni aina ya kelele ambayo ANC, huko kukata kelele unakosema, inaiweza zaidi: nzito, inanguruma vilevile bila kubadilika. Mikro inasikia mngurumo, ekuteri inatoa wimbi lililopinduliwa, yanauana. Watoto wakilia ao jirani akigombana, haiwezi sana, hizo sauti zinarukaruka na ziko juu.

Lakini fungueni macho na boksi za bei ndogo. Nyingi zimeandikwa ENC kwa herufi kubwa, mtu anadhani ni mamoja. ENC inasafisha mikro, ni faida ya yule unayempigia. ANC ndiyo ya sikio lako. Na hiyo ANC ya ndani ya sikio inataka sikio lililozibwa, kwa hiyo tumerudi kwenye raba.

Tena za bluetooth kwa kazi ya dada sizipendi. Anarudisha nyuma sekunde tatu mara mia kwa siku, zile zinachelewa kidogo kila mara, zinakula mwanzo wa neno. Na betri, na umeme wenyewe huu wetu.

Muuguzi_Himbi (Goma)

Mama Katindo, sasa tuongee habari ya sauti uliyopandisha. Nilikuwa naisubiri.

OMS, shirika la afya la dunia, pamoja na ITU, lile la mawasiliano, walitoa kipimo mwaka 2019: mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 za juma. Mtoto, 75. Kila ukiongeza desibeli 3 tu, saa zinakatwa nusu. 83, unabaki na saa 20. 86, saa 10. Wewe umesema saa sita, siku tano ao sita. Hizo ni saa 30 mpaka 36 za juma kabla hujasikiliza wimbo hata mmoja. Maana yake huna ruhusa ya kuvuka 80, basi. Na ulikuwa unapandisha ili ushinde grupe na ushinde ufa.

Fanya hivi: vaa vizuri, mlango ufunge, kisha teremsha sauti mpaka maneno yaanze kukupotea, ndipo upandishe hatua moja ao mbili. Hapo ndipo pako. Ukivua jioni ukasikia mlio kama nyenje ndani ya kichwa, ilikuwa juu mno, kesho yake usirudie.

Lile la kuwasha. Sikio lililofungwa saa sita linakuwa na unyevu, ngozi inalainika, wadudu wanafurahi. Vua kila saa, dakika kumi, lipate upepo. Raba zioshwe kwa sabuni, zikauke kabisa. Na tafadhali, acha vijiti vya pamba, najua unavitumia, wote munavitumia. Nta ya sikio inatoka yenyewe polepole, kijiti kinairudisha ndani. Kukitoka maji, ao kukaanza kuuma ukigusa sikio kwa nje, njoo kituoni, usimwagie mafuta ya moto uliyoambiwa na shangazi.

Kamalondo_Bilashaka (Lubumbashi)

Shangazi wangu anasoma huu uzi 😅

Na nta inaziba ekuteri pia. Ukiona upande mmoja unapungua mwezi kwa mwezi, toa raba, angalia kile kiwavu kwa mwanga. Kikiwa na rangi ya asali umeona ugonjwa. Mswaki mkavu, laini, ekuteri ikiwa imeangalia chini ili uchafu uanguke nje. Ukiiangalisha juu unausukuma ndani. Pini, hapana kabisa.

MikroYaKanisa (Goma)

Neno la mwisho kwa dada, juu ya Sake na Shasha. Besi haikusaidii kutofautisha hayo. Herufi S imejaa huko juu, elfu nne za Hz na kupanda. SH iko chini yake kidogo. Simu ya kawaida ilikuwa inakata kwenye 3400, ndiyo maana kwa simu watu wanapiga kelele "S ya Sofia!". Kwa hiyo ufa haukukunyima S. Kilichokunyima ni kwamba grupe iliingia kwa ule ufa, ukapandisha kila kitu, sikio likachoka, na saa ya tano S na SH zote ni upepo. Ukirudi kwa ile rekodi, irudie asubuhi, sauti ikiwa chini.

Dada_Katindo (Goma)

Nimerudi baada ya siku sita. Samahani kwa kimya, kulikuwa kazi.

Sponji sikupata, nimeagiza kwa mtu anayekuja toka Kampala. Kwa sasa: kuume raba kubwa, kushoto ya kati, waya juu ya masikio. Kila saa nasimama, navua, nachota maji, nafanya lolote. Jambo gumu lilikuwa kinywa. Nimejifunza kurudia maneno moyoni. Siku mbili za kwanza nilikuwa nauma mdomo kwa meno ili usitembee, mtoto akauliza kama nimekasirika. Sauti ya simu ilikuwa inakaa karibu na mwisho, sasa iko chini ya nusu. Kuwasha kumepungua. Kuuma kupo kidogo jioni.

Ile rekodi nimeirudia jana saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya grupe. Mama mmoja anaeleza safari. Anasema hivi, haraka haraka, bila kupumua: "tukatoka Sake, tukalala Shasha." Vyote viwili! Mimi nilishika cha mwisho, mkubwa wa kazi akashika cha kwanza, na yeye alisikilizia kwa spika ya kompyuta. Nilimpelekea ekuteri zangu asikilize. Nilimwambia kwanza avute sikio juu na nyuma.

Mtoto_wa_Birere (Goma)

Ulimvutisha mkubwa wako sikio!! Kazi bado uko nayo?

Dada_Katindo (Goma)

Niko nayo. Ameniomba nimuuzie kama hizi. (Raba nimezipangusa kwa alkoli, muuguzi usinigombeze.)

Juma_wa_Ilala (Dar)

Yaani umnunulie. Naanza kuelewa lugha yenu.

Motari_Ndosho (Goma)

Jamani mimi bado niko na ile ya kushoto peke. Nani alipoteza ya kushoto akabaki na ya kuume? Tuongee bei.

FundiKadutu (Bukavu)

Lazima ziwe aina moja kabisa, na zije na boksi yake. Zinaoanishwa ndani ya boksi. Bila boksi ni kama kuoa kwa picha.

Motari_Ndosho (Goma)

Boksi ilibaki kwa yule mteja.